Kuhariri hadithi iliyokwisha kusomwa, ilhali mwandishi mwenza ana nenosiri lile lile

Mkaazi wa Kisauni aliuliza:

Sabalkheri nyote. Mimi na mwandishi mwenzangu aliyeko Tanga tunatoa hadithi ndefu katika Wattpad, mtandao wa kuandikia na kusomea hadithi, sura kwa sura, na sasa tumefika sura ya ishirini na mbili. Inasimulia Mombasa ya mwaka 1974: kijana anayefanya kazi ya ukuli katika bandari ya Kilindini, nyanyake anayekaa Kibokoni, na binti wa Freretown ambaye wazazi wake hawataki hata kulisikia jina la kijana huyo. Wasomaji wetu si wengi, lakini hawatuachi, na maoni wanayoyaandika kando ya aya ndiyo yaliyotutia nguvu ya kuendelea hata nyakati ambapo sote wawili tulikuwa tumechoka.

Sasa hatuwezi kusonga mbele bila kurudi nyuma. Katika sura ya tatu, aliyoiandika mwenzangu, kijana anavuka usiku kwenda Freretown akipita juu ya daraja refu la zege, anasimama katikati, anaegemea ukingo na kutazama taa za vyombo zikimetameta chini kabisa. Msomaji mmoja aliandika kando ya aya hiyo kwamba Daraja la Nyali tunalolijua leo lilikamilika mwaka 1980, na kwamba mwaka 1974 watu walikuwa wakivuka kwa lile daraja la kuelea lililofunguliwa 1931. Ni kweli. Chini ya maoni yake wengine wameanza kusimuliana jinsi walivyovushwa na wazazi wao wakiwa wadogo, na mazungumzo hayo, nikisema haki, ni matamu kuliko aya yenyewe. Nikiirekebisha aya, msomaji atakayekuja mwakani atawakuta watu wakibishana juu ya daraja ambalo halimo katika hadithi. Nikiiacha, kila mzaliwa wa Mombasa atakayeifikia ataiweka kando papo hapo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika sura ya tisa nyanya anakufa. Hadithi imetupeleka kwenye kesi ya kiwanja, na mtu pekee ambaye angeweza kujua hati ilikofichwa ni yeye. Mwenzangu anataka turudi sura ya tisa, mazishi yageuzwe kuwa ugonjwa, kisha tuendelee kana kwamba nyanya amekuwa hai wakati wote.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Tunatumia akaunti moja, na mwenzangu huingia akabadilisha sura zilizochapishwa bila kuniarifu. Nyanya alikuwa akisema: “Mwanangu, yuwaja, mngoje hapo ndiani.” Juzi nimekuta anasema: “Mwanangu, anakuja, msubiri hapo njiani.” Hoja yake ni kwamba Kiswahili sanifu kitatufikisha kwa wasomaji wengi zaidi. Simshuku nia mbaya, na ni mwandishi hodari, lakini naona mtu wangu ananyang'anywa ulimi.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu: sura iliyokwisha kuchapishwa inahaririwa vipi bila kupoteza maoni na wasomaji, na waandishi wawili wanagawanaje mamlaka ya kuigusa?

Mhariri wa Tudor alijibu:

Ndugu Mkaazi, kabla ya daraja na kabla ya nyanya, toeni mswada wenu nje ya mtandao wa hadithi leo hii. Nakala ya asili ikae katika faili yenu wenyewe, na kinachoonekana na wasomaji kiwe ni nakala iliyotoka humo. Wengi tunaowahariria hufanya kinyume: wanaandika moja kwa moja ndani ya ukurasa wa kuchapishia, wanasahihisha humo humo, na siku mwenzao akifuta kitu hawana pa kulinganishia. Mkiweka mswada katika Google Docs, mwenzako atafanya kazi katika hali ya kupendekeza, ambapo kila neno analoliongeza au kulikata linaonekana kwa rangi pamoja na jina lake na haliingii mpaka likubaliwe, na historia ya matoleo itawaonyesha mswada ulivyokuwa kabla ya mkono wa mwisho kuugusa. Hapo habari ya “nimeingia nikakuta” itakuwa imekwisha.

Ama kuhusu kuhariri kilichochapishwa, tofautisheni kufuta sura, kuiondoa hadharani, na kuihariri ikiwa pale pale. Kufuta msikukaribie kabisa, kwa sababu sura ikifutwa huondoka na kura zake na maoni yake, na hata mkiipandisha tena neno kwa neno itakuwa sura mpya isiyo na historia. Kuiondoa hadharani ikarudi kuwa rasimu kunafaa pale tu ambapo sura ina kitu kinachodhuru, kwa mfano jina la mtu halisi lililoponyoka, kwa kuwa wakati huo wote msomaji anayefuata mfululizo atakuta shimo. Kazi nyingine zote zifanyike sura ikiwa hadharani, lakini iwe imekwisha kutayarishwa kwenye mswada wenu, ili muingie mara moja, mbandike na mtoke.

Tahajia, alama za uakifishaji, jina lililoandikwa kwa namna mbili: hayo sahihisheni kimya kimya, hakuna anayedai taarifa.

Daraja ni suala jingine, na nadhani mnaliona dogo kuliko lilivyo. Hamwezi kukata “la zege” mkaweka “la kuelea” mkadhani mmemaliza. Daraja la kuelea liko karibu na maji, kwa hiyo kijana hana kimo cha kutazamia taa za vyombo “chini kabisa”. Atakuwa karibu sawa na maji, atayasikia yakigonga maboya yanayolibeba daraja, na sakafu anayoitembea itapanda na kushuka na bahari. Tukio zima linageuka. Alikuwa mtu anayeutazama mji kutoka juu akajiona mkubwa, sasa ni mtu anayeyumba kidogo juu ya maji meusi, na kwa kijana anayekwenda kuonana na binti kwa siri naona hilo ni bora mara mbili kuliko mlichokuwa nacho. Kisha tafuteni neno “daraja” katika mswada wote, kwa sababu nina hakika kuna sura ya mbele ambamo anakumbuka usiku ule na kile kimo, na msomaji aliyewashika mara ya kwanza atawashika mara ya pili.

Kuhusu maoni ya wasomaji, iharirini aya bila kuifuta na kuiandika upya kama aya nyingine, kwa kuwa maoni ya kando yameshikamana na aya hiyo na sitaki mthubutu kuona yatakwenda wapi ikitoweka. Halafu mjibuni msomaji yule pale pale alipoandika, mseme kwamba maandishi yamerekebishwa kwa sababu yake, na mwishoni mwa sura mwongeze sentensi moja isemayo kwamba sura hii ilipotolewa mara ya kwanza ilikuwa na daraja la baadaye. Atakayekuja mwakani ataelewa mara moja watu walikuwa wakizungumza nini, na simulizi za waliovushwa wakiwa watoto zitabaki kuwa na maana.

Nyanya mwacheni kaburini, angalau mpaka mfululizo uishe. Msomaji hupata arifa mnapotoa sura mpya. Hapati arifa kwamba sura ya tisa aliyoisoma zamani imegeuka. Kwa hiyo atafungua sura ya ishirini na tatu, amkute marehemu amekaa barazani anakunywa kahawa, na atadhani nyinyi ndio mmesahau. Ikiwa siri ya hati inawahangaisha, mpeni mtu mwingine aliyekuwa karibu naye. Kibokoni hakuna nyanya asiye na shoga.

Jambo la mwisho: ikiwa sura zenu zinasambazwa pia kwenye makundi ya WhatsApp, fahamuni kwamba ujumbe wa huko unaharirika kwa dakika 15 tu tangu utumwe. Yaliyopita hapo yamepita, na toleo lenye daraja la zege litaendelea kuzunguka mikononi mwa watu. Ndiyo sababu nyingine ya kuiweka ile taarifa mwishoni mwa sura.

Mwandishi wa Likoni alijibu:

Nakubaliana na Mhariri katika karibu yote, ila kuhusu nyanya naona anawatazama wasomaji wa leo peke yao. Hadithi ya mtandaoni haifungwi siku inapomalizika. Itakaa pale miaka, na watakaoisoma kuanzia sura ya kwanza wakiwa hawajui kwamba iliwahi kutolewa kwa vipande watakuja kuwa wengi kuliko hawa wanaosubiri kila Ijumaa. Kwa nini hao wote wapewe njama iliyopinda kwa sababu waandishi waliogopa kuwaudhi wachache? Mimi ningeibadilisha sura ya tisa sasa, nikatoa tangazo fupi kama sehemu ya kujitegemea ili arifa iwafikie wafuasi, nikawaeleza sura zipi wazirudie, kisha nikaendelea. Wasomaji husamehe mabadiliko wanayoambiwa.

Lakini nililotaka hasa kuchangia ni hili la akaunti, kwa kuwa mitandao haifanani na watu hudhani inafanana. Wattpad huiweka hadithi chini ya akaunti moja, na ndiyo maana waandishi wenza huishia kufungua akaunti ya pamoja au kupeana nenosiri kama mlivyofanya. Matokeo yake ni kwamba kila badiliko linaonekana limefanywa na mtu mmoja asiye na uso.

Kule Archive of Our Own, maktaba isiyo ya biashara iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, mfumo unamruhusu mwandishi kumwalika mwenzake awe muumba mwenza wa kazi, kila mmoja akiwa na akaunti yake, na mwaliko haufanyi kazi mpaka aliyealikwa aukubali. Linasikika zuri, na ni zuri, ila soma masharti kabla ya kualika: mwenzako akishakubali, ana uwezo wa kuihariri kazi kama wewe, na huwezi kumwondoa, ni yeye tu anayeweza kujiondoa. Mtu ukigombana naye, jina lake litakaa pale mpaka aridhike mwenyewe. Huko vilevile hairuhusiwi kuomba fedha wala kutangaza biashara ndani ya kazi, kwa hiyo anayetegemea wasomaji wamtumie chochote kwa M-Pesa hapo si mahali pake.

Mkitaka mamlaka yaliyogawanywa kweli kweli, WordPress, programu ya kuendeshea tovuti yenu wenyewe, imefikiri zaidi. Kuna ngazi za watumiaji: mchangiaji anaandika rasimu lakini hawezi kuichapisha, na ikishachapishwa hawezi tena kuigusa, mwandishi anachapisha na kuhariri za kwake tu, mhariri anagusa za wote. Matoleo ya nyuma ya kila andiko huhifadhiwa na yanaonyesha akaunti iliyobadilisha. Ubaya wake ni kwamba wasomaji hawatembei humo wakitafuta hadithi kama wanavyotembea Wattpad. Ni lazima uwalete mwenyewe.

Kwa hali yenu singehama. Ningebaki pale pale wasomaji walipo, nikachukua ushauri wa mswada wa nje, na nikaongeza sharti moja: mwenye ruhusa ya kubandika ni mmoja kwa kila kipindi. Mkiandika sura kwa zamu, anayeshika zamu ya kuandika asiwe ndiye anayebandika. Mkono wa pili ukilazimika kupita juu ya kila sura kabla haijatoka, yule anayetaka kubadilisha “yuwaja” atalazimika kuomba.

Mkaazi wa Kisauni alijibu:

Nawashukuru sana. Mhariri, ulibahatisha kweli: sura ya kumi na nne anakikumbuka kimo cha daraja, tena kwa aya mbili nzima. Hati ya kiwanja kushikwa na shoga wa nyanya ni wazo ambalo halikutupitia, nami nitampelekea mwenzangu.

Kuna jambo nililolificha kidogo kwa sababu niliona haya. Wasomaji kadhaa wamekuwa wakitutumia vijisenti, na sasa mtu mmoja ametuuliza kama tungependa hadithi iwe kitabu. Mwenzangu anasema ni yetu nusu kwa nusu. Sipingi, ila nikitazama, sura nyingi nimeandika mimi, na mkono wake umo katika karibu zote kwa njia ya kuhariri. Je, kuhariri kunamfanya mtu kuwa mwandishi?

Karani wa Ganjoni alijibu:

Mimi si wakili. Ni karani katika ofisi ya mawakili, na ninachokieleza kichukuliwe kuwa ni mwanga wa kuendea kwa wakili.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaitambua kazi ya waandishi wenza kuwa ni ile iliyotokana na ushirikiano wa watu wawili au zaidi, ambamo mchango wa mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwingine. Hapo ndipo penye uzito kwenu. Kama sura ya kwanza ingekuwa yako mtupu na ya pili yake mtupu, ingewezekana kubisha kwamba michango inatenganishika, kila mtu na sura zake. Lakini mkikaa mnapitiana maneno, huyu akikata sentensi ya yule na kuingiza yake, baada ya muda hakuna atakayeweza kuichambua aya moja akasema hiki cha fulani na hiki cha fulani. Kwa hiyo kule kuingia kwake bila taarifa si suala la adabu tu. Kila badiliko linasogeza hadithi yote karibu zaidi na umiliki wa pamoja. Wala sisemi kwamba hilo ni baya. Nasema liamuliwe kwa makusudi.

Anayesahihisha tahajia na kuhamisha mkato, kwa mtazamo wa kawaida, hawi mwandishi kwa kazi hiyo. Anayebuni tukio, akaandika mazungumzo, akabadilisha mwisho wa sura, huyo ni habari nyingine. Kati ya hao wawili kuna uwanja mpana, nao ndio watu hugombania. Historia ya matoleo aliyoitaja Mhariri itakufaa hapa kuliko unavyofikiri, kwa kuwa inaonyesha tarehe, mkono na maneno yenyewe.

Hakimiliki ipo tangu kazi inapoandikwa. Kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni hiari, ingawa cheti husaidia siku ya ubishi. Muda wake kwa kazi ya fasihi ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa waandishi wenza huhesabiwa tangu kifo cha atakayebaki wa mwisho. Hapo mnazungumzia warithi wenu, msifanye mchezo. Mwenzako kuwa Tanga hakuharibu kitu, kwa kuwa Kenya na Tanzania zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo kazi ya mmoja inalindwa katika nchi ya mwenzake.

Sheria hiyo hiyo inampa mwandishi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwandishi, na ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Sidhani kama “anakuja” badala ya “yuwaja” itafika huko, usije ukamtisha mwenzako kwa kifungu.

Linalowafaa ni karatasi. Kuhamisha hakimiliki hakusimami kisheria mpaka kuwe kwa maandishi yaliyotiwa saini na anayehamisha. Ahadi za simu na sauti za WhatsApp hazitoshi. Andikeni ukurasa mmoja kabla ya kumjibu huyo wa kitabu: majina yatatokea kwa mpangilio gani, mapato yagawanywe vipi yakiwemo hayo vijisenti mnavyopokea sasa, nani ana neno la mwisho mkikosa kukubaliana, na mmoja akijitoa katikati, mwenzake ana ruhusa ya kuimalizia hadithi au la. Hilo la mwisho husahaulika kila mara, nami nimeona mafaili ya watu waliopatana vizuri katika yote mengine wakakwama hapo kwa miaka.

Bi Mkubwa wa Kuze alijibu:

Mwanangu Mkaazi, wenzangu wamekupa ya mitambo na ya sheria, nami niseme la huyo bibi.

Mwaka 1928 mkutano wa kuamua ni lahaja ipi isanifishwe ulifanyika hapa hapa Mombasa, na kilichochaguliwa kikawa ni Kiunguja. Hayo yamepita, shule zimetufundisha, na mimi mwenyewe ninakuandikia kwa Kiswahili hicho bila chuki. Lakini usanifu ni wa kalamu ya msimulizi. Mtu aliyezaliwa Kibokoni zamani hizo, umri wake wa unyanya mwaka 1974, hakai jikoni kwake akamwambia mjukuu “anakuja, msubiri njiani”. Mwenzako anapomsawazisha anamtoa Mombasa na kumweka hewani, na msomaji wa Dodoma au wa Kakamega unayemhurumia hatapata faida yoyote, kwa kuwa “yuwaja” ataielewa kwa mtiririko tu.

Hata hivyo mwenzako ana hoja moja ambayo wewe umeiruka. Je, huyo nyanya anasema “ndiani” katika sura zote, au katika sura ya pili ni “ndiani” na katika ya saba, kwa sababu siku hiyo ulikuwa na haraka, ni “njiani”? Nimesoma hadithi nyingi za vijana wetu mtandaoni, na lahaja humo huwaka na kuzimika kama taa ya Likoni siku za mvua. Mhariri yeyote akiona hivyo atasawazisha, tena kwa haki yake. Ukitaka ulimi wa nyanya uheshimiwe, uandikie kanuni. Fungueni ukurasa mmoja pembeni ya mswada, kila mhusika aandikiwe anavyosema: huyu husema “yuwaja”, “waja”, “ndia”, “mato”, huyu wa Freretown husema hivi, msimulizi hufuata sanifu. Likiwa limeandikwa, mwenzako hatabadilisha kwa kudhani anasahihisha, na wewe mwenyewe hutateleza.

Na mpe naye mtu wake. Bandari ya mwaka 1974 haikosi jahazi lililotoka Tanga. Awemo nahodha, mwenzako amsemeze kama wanavyosema kwao, nawe usimguse mdomo. Mtu hulinda lahaja ya mwenzake akiwa na yake ndani.

Kuhusu uhai wa nyanya, niko upande wa Mhariri. Umesema wasomaji wako ni wa kudumu. Basi wamekwisha kumzika.

Mhariri wa Tudor alijibu:

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante. Ukurasa huo wa wahusika uongezewe mstari wa tarehe: mwaka wa kuzaliwa kwa kila mmoja, na vitu vya mji vilivyokuwapo na visivyokuwapo katika muda wa hadithi. Ungekuwapo tangu mwanzo, yule wa Tanga asingejenga daraja miaka sita kabla ya wakati.

Ndugu wa Likoni, hoja yako ya wasomaji wa baadaye ni nzito, nami sikuipima vya kutosha katika jibu langu la kwanza. Bado nasema mfululizo umalizike kwanza. Mkiwa mmefika mwisho mtakuwa mnajua hadithi inahitaji nini, na pengine mtagundua kwamba sura nyingine nne zinahitaji kuguswa pamoja na ya tisa. Mkianza sasa mtatangaza marekebisho kila mwezi, na msomaji akiambiwa arudi nyuma mara ya tatu hatarudi. Toleo lililorekebishwa ndilo liende kwenye kitabu.

Mkaazi wa Kisauni alijibu:

Nimezungumza na mwenzangu jana usiku kwa kirefu, na nilimsomea maneno yenu karibu yote. Amekubali mswada wa nje na hali ya kupendekeza bila ubishi. Shoga wa nyanya amempenda kuliko mimi, na tayari amempa jina na duka la shanga. Nyanya atabaki marehemu mpaka tumalize. Daraja anataka kuliandika upya yeye mwenyewe, kwa kuwa sura ile ni yake, nami nitabandika. Nahodha wa Tanga ameanza kuzungumza kabla hata hatujakata simu.

Palipobaki pagumu ni karatasi ya makubaliano. Hakukataa, ila alisema kuandikiana mkataba na rafiki ni kama kumhesabia mgeni vijiko. Nimemtumia jibu la Karani alisome mwenyewe.

Nina swali dogo la mwisho. Akaunti tuliifungua kwa barua pepe yangu. Tukiandikiana, tuibadilishe?

Karani wa Ganjoni alijibu:

Ibadilisheni. Fungueni anwani ya barua pepe ya hadithi yenyewe, nenosiri lake mlijue nyote, na nambari ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mmoja huku barua pepe ya akiba ikiwa ya mwingine. Sasa hivi, yakizuka maneno, wewe unaweza kumfungia mlango kwa dakika moja, na yeye analijua hilo hata kama hajalisema. Huenda ndiyo sababu moja inayomfanya asite kwenye karatasi. Ibadilisheni kwanza, ndipo umpelekee rasimu ya makubaliano.